Albamu Mezani, Fremu au Projekta: Uonyesheje Stempu Zako Kwenye Kikao cha Chama?

Katibu amekupangia zamu. Kikao kijacho ni wewe utakayeonyesha mkusanyiko wako kwa dakika arobaini, na wenzako watakuwa kati ya kumi na ishirini: wazee waliokusanya tangu enzi za posta ya pamoja ya Afrika Mashariki, watu wa makamo wanaokuja wakitoka kazini, na labda wanafunzi wawili walioletwa na mjomba wao. Albamu unazo. Kinachokukwamisha ni namna ya kuzionyesha. Uzipitishe mezani mkono kwa mkono? Upange kurasa kwenye fremu watu wapite na kutazama? Au upige picha na kuziangaza ukutani kwa projekta? Ipo na njia ya nne, ambayo vyama vingi vidogo huishia kuitumia: kila mwanachama alete kurasa chache zake.

Kila njia ina mashabiki wake, na mashabiki wana maneno. Wa fremu wanasema projekta ni sinema. Wa projekta wanasema kupitisha albamu ni kukaribisha alama za vidole. Wa albamu wanasema hao wawili wanajipa kazi ya bure. Kila upande una haki yake, kwa hiyo hapa tuzipime zote kwa kipimo kimoja.

Tutapima nini

La kwanza ni kuonekana: nani ataona, na ataona nini hasa. Stempu nyingi hazifiki sentimita nne kwa upana, na kile kinachomsisimua mkusanyaji huwa ni kidogo zaidi ya hapo.

La pili ni usalama wa stempu zenyewe: mikono, chai, jua la dirishani, feni ya darini, na unyevu wa pwani ambao hauna huruma na gundi.

La tatu ni kazi na gharama. La nne ni mazungumzo, maana chama si makumbusho. Watu wamekuja kuonana. La tano ni kile kinachobaki baada ya kikao kwisha.

Lakini kabla ya hayo matano, jiulize mkusanyiko wako unasimulia kitu cha namna gani. Kuna mikusanyiko ya tofauti ndogo: stempu mbili zinazofanana kwa kila kitu isipokuwa meno ya ukingoni au mstari mmoja wa mchoro. Kuna mikusanyiko ya safari na historia, ambamo bahasha, muhuri na tarehe ndiyo mambo, na stempu moja peke yake haisemi kitu. Na kuna mikusanyiko ya picha: samaki, vipepeo, meli, wanyama. Kwa maoni yangu jibu la swali hili linaamua zaidi ya nusu ya shauri, kuliko hata ukubwa wa ukumbi.

Kupitisha albamu mezani

*Kuonekana.* Hapa jicho linakutana na stempu yenyewe kwa umbali wa shubiri moja. Ukiinamisha ukurasa kwenye mwanga unaona gundi, unaona mkwaruzo, unaona chapa ilivyobonyea kwenye karatasi. Chukua stempu ya senti 5 ya Kenya, Uganda na Tanganyika ya mwaka 1935, ile yenye jahazi kwenye Ziwa Viktoria. Ziko aina mbili: katika moja kamba imeungana na tanga, katika nyingine haikuungana. Mpe mtu stempu zote mbili, mpe lenzi, mwambie atafute kamba. Atanyamaza, atasogeza lenzi juu, atairudisha chini, halafu utamsikia: "Ahaa!" Hiyo "ahaa" huipati kirahisi kwa njia nyingine.

Ubaya wake ni foleni. Ukurasa mmoja unatazamwa na mtu mmoja, wawili wakibanana. Watu kumi na tano wakikaa dakika moja moja na kila ukurasa, wewe unasimulia ukurasa wa kumi na tano huku mtu wa mwisho ndiyo kwanza anapokea wa kwanza. Maneno na macho yanaachana. Dawa yake ni kusimulia kwanza kwa dakika kumi bila kupitisha chochote, kisha kunyamaza na kuziachia kurasa zizunguke. Au kugawa watu kwenye meza tatu, kila meza na kurasa zake, wabadilishane baadaye.

*Usalama.* Hapa ndipo njia hii inapoumia. Mahamri yana mafuta, na mafuta yakiingia kwenye karatasi ya stempu hayatoki. Utaratibu mzuri ni chai baada ya stempu, mikono ikishaoshwa na kukaushwa, na kila anayetaka kuigusa stempu atumie kibano. Feni izimwe au ipunguzwe kabla ya kufungua mfuko wowote. Stempu ikipeperushwa chini ya viti ishirini, kikao kimekwisha. Stempu ambazo hazijatumika na bado zina gundi zisipitishwe wazi kabisa, hasa Mombasa, Tanga, Dar au Unguja wakati wa joto: gundi hunyonya unyevu, na kidole chenye jasho kinatosha kuacha alama. Ziweke kwenye mifuko ya plastiki ya poliesta. Mifuko laini ya PVC, ile yenye harufu kali ikiwa mipya, iepuke, kwa sababu baada ya muda hutoa kemikali zinazodhuru stempu.

Kuna jambo jingine ambalo watu huona haya kulitaja: kupotea. Kurasa na stempu zihesabiwe zikitoka na zikirudi, na katibu ndiye ahesabu, mbele ya wote, kila kikao, hata akionyesha mwenyekiti. Ikiwa ni desturi ya chama hakuna atakayehisi anashukiwa.

*Kazi na gharama.* Karibu hakuna. Unachukua albamu, unakwenda.

*Mazungumzo.* Hakuna njia inayoifikia hii. Mzee aliye kushoto kwako atasema hiyo stempu aliinunua mwenyewe posta akiwa kijana, aliye kulia atabisha kuhusu mwaka, na kabla hujajua kikao kimeshika moto.

*Kinachobaki.* Hadithi tu. Aliyekosa kikao amekosa.

Inamfaa mwenye mkusanyiko wa tofauti ndogo, katika chama cha watu wasiozidi kumi wanaojuana na wanaojua kushika stempu.

Fremu

Fremu ya maonyesho ya kimataifa, kwa kipimo cha Shirikisho la Kimataifa la Filateli, FIP, hubeba kurasa 16 za A4: safu nne, kila safu kurasa nne. Chama kidogo si lazima kiwe na fremu za chuma na kioo. Ubao mwembamba uliofunikwa kitambaa, karatasi ya plastiki angavu juu yake na vibanio vya ofisini pembeni vinatosha. La muhimu ni pini isipite kwenye ukurasa, na ubao usitikisike mtu akiuegemea.

*Kuonekana.* Watu wanne au watano wanatazama kwa pamoja, kila mmoja kwa mwendo wake. Anayependa muhuri anasimama kwenye muhuri, asiyeupenda anapita. Mstari wa chini kabisa ndio tatizo; wazee hawapendi kuinama, na wakiinama hawakai. Kile unachotaka kila mtu akione kiweke safu ya pili kutoka juu.

Lakini nguvu ya fremu ni kwamba inaonyesha mpangilio mzima kwa mara moja. Tuseme unataka kusimulia Tanganyika kwa kurasa 16. Safu ya kwanza, Wajerumani: meli Hohenzollern, kwanza kwa sarafu ya pesa, kisha kuanzia 1905 kwa heller. Safu ya pili, vita: stempu zilizochapwa juu yake herufi G.E.A. (German East Africa) mwaka 1917, Waingereza wakiwa wameshaishika nchi, na ukijaliwa, za Mafia za 1915, ambazo ni adimu. Ukizikuta kwa bei ya mchicha usizifurahie mapema. Safu ya tatu, twiga wa 1922, halafu 1935 jina la Tanganyika linaungana na Kenya na Uganda kwenye stempu moja. Safu ya nne, Uhuru wa 1961 na yaliyofuata. Mtu akisimama hatua mbili nyuma anaiona nchi ikibadilisha bendera, sarafu na jina kabla hajasoma neno hata moja. Albamu ya kupitishwa haiwezi kufanya hivyo, na projekta inatoa picha moja moja, mpangilio unapotea.

*Usalama.* Mzuri, mradi fremu zisipigwe na jua. Makumbusho mengi huweka kikomo cha mwanga cha lux 50 hivi kwa karatasi na rangi zinazopauka, na dirisha la saa tisa alasiri linapita hapo mara nyingi sana. Kwa saa mbili za jioni hakuna neno. Kuziacha ukumbini wiki nzima kwa sababu "shule imefungwa" ni kuzitafutia balaa.

*Kazi na gharama.* Hapa jitayarishe. Kurasa kumi na sita zinataka mpango, kuandika, kupunguza maandishi, kuandika tena. Watu wengi huharibu kwa maneno mengi: mistari mitatu minne kwa ukurasa inatosha, kwa herufi zinazosomeka ukiwa umesimama. Na msipoteze usiku mzima kwenye mapambo ya pembeni. Katika alama 100 za mashindano ya FIP kwa mikusanyiko ya kawaida na ya historia ya posta, muonekano wa kurasa una alama 5 tu. Ujuzi na utafiti wana 35. Mpangilio na umuhimu wa mada 30, hali ya stempu na uadimu wake 30. Hata kama hutashindana kamwe, mgawanyo huo unakuonyesha pa kuwekea nguvu.

*Mazungumzo.* Huanza polepole. Watu hutazama kimya, halafu ghafla sita wanarundikana kwenye ukurasa mmoja. Uingereza, ambako vilabu vya namna hii ni vya zamani (Royal Philatelic Society London ilianza 1869), desturi ya kawaida ni mwonyeshaji kusema machache, watu wakatazama nusu ya kwanza, chai, kisha nusu ya pili na neno la shukrani. Si vibaya kuiga: fremu mbili sasa, mbili baada ya chai. Ila chai yetu huchukua muda mrefu kuliko yao, kwa hiyo nusu ya kwanza ibebe yaliyo bora.

*Kinachobaki.* Kingi. Kurasa ziko tayari kwa maonyesho ya mji, kwa shule, na kwa watoto wako ambao siku moja watataka kujua haya makaratasi ni ya nini.

Inamfaa mwenye hadithi yenye mwanzo na mwendo: reli iliyoanza kujengwa Mombasa 1896 ikafika Kisumu 1901, na mihuri ya posta iliyofuata njia hiyo; au Zanzibar kutoka stempu za India zilizochapwa jina la Zanzibar mwaka 1895 hadi Mapinduzi. Inafaa pia ukumbi wenye nafasi ya kutembea. Kwenye sebule ya mtu, sahau.

Projekta

*Kuonekana.* Wote wanaona kitu kimoja kwa wakati mmoja, hata aliyekaa nyuma. Maneno yako na macho yao vinakwenda pamoja. Stempu za Zanzibar zilizopigwa muhuri wa mkono JAMHURI 1964 baada ya Mapinduzi ni mfano mzuri: maandishi mengine yamepinda, mengine wino umejaa, mengine umekosekana. Zikuze tatu ubavuni kwa ubavu ukutani, na hata mwanafunzi ambaye hajawahi kushika stempu ataona.

Ila ukuzaji una hesabu zake. Stempu ya upana wa sentimita 2.5 ukiiskani kwa nukta 600 kwa inchi inakupa nukta kama 590 tu. Kwenye projekta yenye upana wa nukta 1920 haijai hata theluthi moja ya ukuta. Kwa kamba ya lile jahazi, skani kwa 1200. Weka karatasi nyeusi nyuma ya stempu ili meno yaonekane. Na weka rula kwenye angalau picha moja, maana ukutani stempu zote zinalingana, na watu husahau kwamba wanatazama kitu kinachokaa juu ya ukucha wa dole gumba.

Kinachopotea ni uhalisi wa rangi. Kila projekta ina rangi yake, nyekundu inageuka chungwa, na ubishi wa "hii ni kahawia au ni zambarau" hauwezi kuamuliwa ukutani. Gundi, alama ya maji (mchoro uliofichwa ndani ya karatasi) na unene wa karatasi navyo havionekani.

Kwa upande mwingine unaweza kuonyesha usichonacho. Zile stempu za Uganda za 1895, alizozipiga kwa taipureta mmishenari Ernest Millar, bei yake ikiwa kwa simbi (makombe yaliyotumika kama fedha), hakuna anayezitarajia kwenye albamu ya mwanachama wa chama cha mtaani. Picha inatosha. Sema tu wazi kuwa ni picha na si mali yako.

*Usalama.* Kamili. Stempu zimebaki nyumbani. Tena huna haja ya kupanda daladala au matatu saa mbili usiku na begi ambalo watu ishirini wanajua lina nini.

*Kazi na gharama.* Kuskani ni kazi ya jioni kadhaa. Projekta huazimwa shuleni au kanisani. Umeme ukikatika, huna kikao. Chukua hata kurasa nne za karatasi kama akiba.

*Mazungumzo.* Hapa ndipo pana udhaifu. Taa zikizimwa wanachama wanageuka watazamaji. Kila baada ya picha saba nane washa taa, uliza kitu. Mfano: onyesha stempu kadhaa za posta ya pamoja, watu wataje nchi iliyoandikwa kwanza. Majina hayakufuatana kwa utaratibu mmoja. Stempu moja inaanza na Kenya, nyingine Uganda, nyingine Tanganyika au Tanzania. Wasiowahi kuligundua hilo ni wengi kuliko unavyodhani.

*Kinachobaki.* Faili. Linatumwa kwenye kundi la WhatsApp, aliye Muscat au Toronto analiona usiku uleule. Kabla ya kutuma, funika anwani kwenye bahasha za miaka ya karibuni. Wenye anwani wapo.

Inawafaa kikundi kikubwa, wageni na vijana, na yeyote mwenye stempu ambazo hathubutu kuzitoa nyumbani.

Kila mtu kurasa tatu

Hii sitaichambua kwa urefu, kwa kuwa inaazima sifa za zile nyingine. Mada inatolewa mapema, kwa mfano "ziwa", "herufi M" au "muhuri wa mji wangu", na kila mwanachama analeta kurasa tatu na kuzizungumzia dakika tano. Zinaonekana vizuri zikipangwa mezani zikiwa ndani ya mifuko, hatari ni ndogo kwa kuwa kila mtu analinda zake, gharama hakuna, na mazungumzo ni mengi kupita kiasi: bila mtu wa kushika saa, wa tatu atakula muda wa wa sita. Hakuna kinachochimbwa kwa kina. Lakini ndiyo inayomfanya mwanachama mpya mwenye kurasa tatu tu maishani mwake ajione ni mwenzenu, na kwa chama kinachopungua watu hilo si dogo.

Kwa hali yako

Mko wanane na mada ni meno, kamba, alama ya maji au vivuli vya rangi: albamu mezani, lenzi tatu nne, chai mwishoni. Seti ya Kenya, Uganda na Tanganyika yenye mfalme George VI, iliyoanza 1938, yenye matoleo mengi yanayotofautiana kwa meno, ni ya meza hii.

Una bahasha za njia fulani au nchi iliyobadilika majina, na una miezi miwili ya kujiandaa: fremu, kurasa 16, hata kama ni mbao za kuazima. Ukiwa na wiki moja tu, usijaribu. Kurasa zilizoandikwa haraka zinaonekana.

Mko zaidi ya ishirini, au mmealikwa shuleni: projekta. Kwa watoto anza na picha, samaki wa Tanzania wa 1967 au vipepeo wa 1973, na ulete bakuli la stempu za kawaida za kugawa mwishoni. Mtoto aliyetazama ukuta tu hatakumbuka. Aliyeondoka na stempu tatu mfukoni atarudi.

Una kitu kimoja cha thamani kubwa na vingine vya kawaida: changanya. Cha thamani kioneshe kwa projekta, vya kawaida vizunguke mezani.

Ni mara yako ya kwanza kusimama mbele ya chama: omba kikao cha kurasa tatu tatu, si zamu nzima. Ukishasikia maswali ya watu utajua mwenyewe kurasa zipi ziingie kwenye fremu mwaka ujao.

Na kama umeme wa mtaa wenu hautabiriki, mwambie katibu mapema aandike kwenye tangazo: kikao kitakuwa saa tisa alasiri, viti karibu na dirisha, fremu mbali nalo.